Nasaba ya Buxton na Jina Tusilolitaka

Sensa ya Marekani ya mwaka 1860 ilikuwa na madaftari mawili ya watu. La kwanza liliorodhesha watu huru, kila mmoja kwa jina lake, umri wake na mahali alipozaliwa. La pili lilikuwa la watumwa, na humo, isipokuwa kwa nadra sana, jina lililoandikwa lilikuwa la mmiliki peke yake. Waliobaki walikuwa umri, jinsia na rangi: mwanamke, 27, mweusi, mtoto wa kiume, 4, chotara. Pembeni kulikuwa na safu nyingine, nyembamba, ambamo karani alitakiwa kuandika mkabala wa jina la mmiliki idadi ya watumwa waliotoroka ndani ya mwaka uliotangulia na ambao walikuwa hawajapatikana.

Daftari hilo lilihesabu hali ya mambo ilivyokuwa tarehe 1 Juni 1860. Januari 1861 ilifanyika sensa ya Kanada ya Magharibi, nchi tunayoiita leo Ontario. Mtu aliyeingizwa upande wa kusini kama tarakimu moja kwenye safu ya watoro, upande wa kaskazini aliulizwa anaitwa nani.

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta hapa nikibishana kuhusu bajeti na katiba. Leo naomba wanivumilie nieleze habari za ukweni.

Mke wangu anatoka vijiji vilivyo kusini mwa mji wa Chatham, kwenye ile bapa ya ardhi iliyo kati ya Ziwa Erie na Ziwa St. Clair. Ni nchi tambarare kiasi kwamba mgeni aliyezoea milima huhisi kana kwamba kuna kitu kimeondolewa. Mahindi na soya vinakwenda mpaka macho yanapochoka. Mama mkwe wangu, ambaye sasa ana miaka 81, amezaliwa na kukulia North Buxton, na tangu mwaka 1924 wazao wa kijiji hicho hurejea mwanzoni mwa Septemba, kwenye mapumziko ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya kule, wakasali, wakala na kutambuana. Koo nyingi huleta mti wa nasaba uliochorwa kwenye ubao. Wa kwetu uliishia kwa babu yake mama. Nilipokuwa huko kwa likizo ya utafiti aliniita jikoni akasema, "Mwanangu, wewe ndiye msomi, na hulimi. Nitafutie mwanamke wa kwanza."

Mwanamke wa kwanza, katika usemi wa nyumba ile, ni yule aliyevuka mpaka akiwa na mtoto. Jina lake la kwanza walilijua. Mengine yote yalikuwa masimulizi.

Buxton yenyewe ina historia inayojulikana vizuri. Ilianzishwa mwaka 1849 na William King, mchungaji Mpresbiteri mzaliwa wa Ireland, ambaye kwa njia ya ndoa huko Louisiana alijikuta mmiliki wa watumwa, akawaacha huru 15 na kuwaleta Kanada. Makazi yale yaliitwa Elgin, kwa heshima ya Gavana Mkuu wa wakati ule, na kijiji kikaitwa Buxton kwa jina la Thomas Fowell Buxton, mbunge wa Uingereza aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa. Zilinunuliwa ekari 9,000 za msitu wenye maji mengi, zikakatwa vipande vya ekari 50 na kuuzwa kwa watu weusi tu, kwa dola 2.50 kwa ekari, malipo ya miaka kumi. Wazungu wa Chatham, wakiongozwa na mwanasiasa Edwin Larwill, walipinga kwa nguvu zote. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali ya watumwa watoro, ambayo hata katika majimbo yasiyo na utumwa iliwafanya wakimbizi wasiwe salama, na njia ya kaskazini ikajaa watu.

Kanuni za makazi zilikuwa za kina hadi kuchosha: nyumba isipungue futi 24 kwa 18, na futi 12 kwenda juu, ikae futi 33 kutoka barabarani, iwe na uzio na bustani mbele. Zamani nilipozisoma nilizihesabu kuwa ubabe wa kimisionari, na sehemu yake ni hivyo. Lakini mama mkwe, ambaye babu zake walizitii, huziona kwa jicho jingine: mtu ambaye hajawahi kumiliki hata koti lake anaambiwa nyumba yako lazima iwe na bustani ya maua. Shule ya makazi ilisomesha Kilatini, na ikawa nzuri kiasi kwamba Wazungu wa jirani walileta watoto wao, wakati kwingineko Ontario sheria ya mwaka 1850 ilikuwa inaruhusu shule za kutengwa kwa watu weusi. Shule ya mwisho ya namna hiyo ilifungwa mwaka 1965.

Nasaba hutafutwa kwa kurudi nyuma, kizazi kwa kizazi, na hapo Kanada ya vijijini ni nchi yenye ukarimu. Sensa hufunguliwa baada ya miaka 92. Ya mwaka 1931 imefunguliwa mwaka 2023, na humo mama alimwona baba yake akiwa kijana wa miaka 19, anayeishi kwa wazazi wake na kufanya kazi shambani. Alilitazama jina lile kwenye skrini kwa muda mrefu kisha akaniuliza kama karani aliingia ndani au aliandikia mlangoni. Sikuwa na jibu. Watumishi wa masijala mnaonisoma, hilo ni swali la kubaki nalo mezani.

Sensa ya mwaka 1901 ina safu ya rangi, herufi nne tu: nyeupe, nyekundu, nyeusi na njano. Maagizo yake yalisema kwamba weupe ni wale walio weupe watupu. Mtoto wa Mzungu na mtu wa jamii nyingine ataingizwa kwenye ile nyingine. Hii ni Kanada, nchi ambayo wengi wetu hufundishwa kuifikiria kama pumziko la dhamiri la Amerika Kaskazini. Familia yetu yote ina herufi ya weusi, pamoja na mzee mmoja ambaye miaka 40 kabla yake, akiwa mtoto, aliandikwa chotara.

Mzee huyo ndiye mtoto aliyevushwa. Tulimpata pia kwenye daftari la ndoa. Ontario ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo kiserikali tarehe 1 Julai 1869, na daftari la ndoa lilitaka majina ya wazazi wa pande zote mbili. Mwaka 1881 kijana wetu anaoa. Mahali alipozaliwa: Kentucky. Jina la baba: kistari. Jina la mama: lile la kwanza tulilolijua, likifuatiwa na jina la ukoo ambalo hakuna mtu yeyote katika familia aliyewahi kulisikia.

Sensa ya mwaka 1861 ikafafanua kilichobaki. Mwanamke yumo katika nyumba ya magogo ya ghorofa moja, pamoja na mwanamume mwenye ekari 50 na mtoto wa kiume mzaliwa wa Marekani. Umri wake ni 29. Sensa ya mwaka huo iliuliza umri utakaofikiwa siku ya kuzaliwa ijayo, swali la kikatili kidogo kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuambiwa siku hiyo. Mwaka 1871 ana 35. Mwaka 1881 ana 50. Jina la ukoo tunalolibeba, ambalo mke wangu analo kwenye pasi yake na binti zangu wanalo katikati ya majina yao, ni la yule mwanamume wa ekari 50. Hakumzaa mtoto. Alimpa jina, akamwachia shamba.

Ndipo tulipogawanyika.

Jina geni lililoko kwenye daftari la ndoa, kwa uwezekano mkubwa, ni jina la mmiliki. Katika kaunti moja ya Kentucky iliyo kando ya mto Ohio, ambayo masimulizi ya familia huitaja, yupo mmiliki mwenye jina hilo katika daftari la watumwa la mwaka 1860, na mkabala wake, kwenye safu ya watoro, ipo tarakimu 2. Mwanamke na mtoto? Inaelekea. Ithibati hakuna, na sitaiita ithibati. Kuisaka kunadai kazi ya aina moja tu: kufuatilia ukoo wa mmiliki. Lazima usome wosia wa baba yake, mahari ya mkewe, orodha za mirathi ambamo watu wamepangwa pamoja na ng'ombe, vitanda na saa ya ukutani, kila kimoja na bei yake. Hapo, na pengine hapo tu, mwanamke wa kwanza anaweza kuwa na mama. Njia ya kuwafikia wazee wake inapita sebuleni kwa waliomfuga.

Na kile kistari cha baba, pamoja na neno "chotara", vinaweza kuwa vinasema kwamba mwenye sebule ni mzee wetu pia.

Mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nilitaka jina liandikwe kwenye ubao wa Septemba, na alama ya kuuliza pembeni. Hoja yangu ilikuwa kwamba kulificha ni kumlinda yeye, wala si kumlinda mwanamke. Shemeji yangu mdogo aliniunga mkono. Mama alisikiliza hadi mwisho, maana si mtu wa kukatiza, kisha akasema: "Alitembea usiku na mtoto mgongoni ili asiitwe kwa jina hilo. Leo nilitundike mimi mbele ya kanisa?" Nilimjibu kwamba mwanawe alilitaja mwenyewe mbele ya karani mwaka 1881. "Alilitaja kwa sababu aliulizwa na serikali," akasema. "Mimi siulizwi."

Nimefundisha nadharia ya kumbukumbu za dola kwa miaka mingi, na sijapata kuisikia ikielezwa kwa maneno machache kiasi hicho. Bado sikubaliani naye kabisa. Sisi watu wa pwani tunafahamu gharama ya upande wa pili: baada ya utumwa kufutwa Unguja mwaka 1897, wako waliojishikiza kwenye nasaba za mabwana zao wa zamani, na vizazi vitatu baadaye ukiuliza unaambiwa, "Sisi asili yetu ni hiyo hiyo," na mazungumzo yanahamishiwa kwenye bei ya karafuu. Ukimya wa namna hiyo humfuta mtumwa na kumwacha bwana. Wa mama mkwe unafanya kinyume chake, na huenda ndiyo maana nimeshindwa kuupinga kwa hoja zile zile.

Kuna ukimya mwingine ambao hakuna aliyeniomba niutafute. Kitabu cha ardhi cha Ontario kina ukurasa kwa kila shamba, na mstari wa kwanza wa kila ukurasa ni hati ya Taji la Uingereza. Ukifuata ekari zetu 50 kwenda nyuma, mwanamume wa magogo, wakfu wa makazi, Taji, kisha karatasi inakwisha. Lakini ardhi ile ilichukuliwa kwa mkataba wa mwaka 1790, ambapo Waojibwe, Waodawa, Wapotawatomi na Wawyandot walisaini kuachia eneo kubwa la kusini magharibi mwa Ontario kwa bidhaa za pauni 1,200. Mkimbizi aliyehesabiwa kama mali alipata utu wake wa kisheria juu ya ardhi ya watu ambao nao walikuwa wanaondolewa kwenye kitabu. Nilipomwonyesha mama, alikaa kidogo, akasema bibi yake alikuwa akinunua vikapu kutoka kwa wanawake wa Walpole Island, na kwamba hakuwahi kujiuliza walikuwa wanatoka wapi zamani.

Ubao ulitundikwa Septemba. Una vizazi saba. Wa saba ni binti zangu, na majina yao ya Kiswahili yalisababisha foleni ndogo ya watu waliotaka kujua yanatamkwaje. Juu ya mwanamke wa kwanza hapakuandikwa kitu. Mahali pa baba wa mtoto tuliandika jina la yule wa ekari 50, kwa wino, kwa amri ya mama, na mimi nilishika rula.

Mwezi uliopita nimemwandikia karani wa kaunti ile ya Kentucky kuomba nakala za orodha za mirathi za miaka ya 1840 na 1850. Mama anajua. Ameagiza nitakachopata nimsomee yeye kwanza, mlango ukiwa umefungwa, na nianze na bei.