Dakika Zilizonilisha

Meza yangu ya kwanza ilitokana na fedha alizopewa baba ili aache kazi. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, ilianza kuwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, gharama zikatolewa na Benki ya Dunia. Baba alikuwa mmoja wao. Alipopata zake alinunua mabati, magunia matatu ya unga na simu moja. Simu akanipa mimi. “Kaa nayo sokoni, mama, itakulisha.”

Nikaweka meza, mwavuli na kibao cha boksi kilichoandikwa ALLÔ. Wachimbaji waliokuwa wakimiminika mjini kwetu Kolwezi walikuja na vumbi la mashimo hadi kwenye kope, wakitaka kupiga Mbuji-Mayi au Kananga. Wao walishika simu, mimi nilishika saa. Dakika ikizidi kwa sekunde moja nilihesabu mbili, Mungu anisamehe. Habari zote zilipita mbele yangu: fulani kajifungua, fulani kafa, mahari haijatimia. Aliyelia alilipa sawa na aliyecheka. Hata ukimya ulilipiwa. Kijana mmoja aliambiwa baba yake alikwisha kuzikwa wiki iliyopita. Akabaki na simu sikioni, hasemi neno. Nikamgusa bega, nikamwonyesha saa. Aibu ile ninayo hadi leo.

Simu za bei nafuu kutoka China zikaingia, kila mchimbaji akawa na yake. Meza ikageuka ya kuuza unite, kadi za kukwangua kwa ukucha. Kampuni ya simu Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel. Mwavuli wangu ukabadilika jina mara mbili nami sijahama hata hatua moja. Mwaka 2012 ikaja M-Pesa, watu wakaanza kutuma fedha kwa vidole. Mwaka 2015 Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba, na haikupita muda tukaambiwa tuondoe meza kando ya barabara.

Ndipo jirani akaniletea kazi ya kuuza kwa simu nikiwa nyumbani: taa za sola, za kulipa kidogo kidogo. Kampuni yenyewe siitaji. Ofisi sijaiona. Asubuhi orodha ya namba 60 inaingia kwenye WhatsApp, nami nazipiga kwa simu yangu na kwa unite zangu. Mshahara hakuna, kuna kamisheni, nayo huja mteja akishalipa mara ya kwanza. Napigia chini ya mwembe, ndipo mtandao unaposhika; malori ya shaba yakipita nafunika simu kwa kitenge.

Pale mezani mtu alikuja na haja yake. Sasa mimi ndiye ninayebisha hodi masikioni mwa watu. “Namba yangu umeitoa wapi?” wengi huuliza kabla ya salamu. Nimejifunza kusema haraka haraka, mimi niliyekuwa nikiwaombea watu waseme polepole. Dakika zilizokuwa zikinilisha, leo nazilisha mimi.

Mwezi uliopita nilimpata mzee mmoja wa Kasaji. Aliposikia Kolwezi hakungoja habari za taa.

“Mwanangu yuko huko, anachimba. Tangu Bonane, tangu Mwaka Mpya, hajapiga. Hamjaonana?”

“Mji umekuwa mkubwa, papa.”

Akaanza kunieleza urefu wa kijana, kovu lililo juu ya jicho la kushoto, jinsi anavyocheka kabla ya kumaliza kusema. Dakika ya tatu nilitazama saa, mazoea hayo. Ya saba nikaacha kutazama. Ya kumi na moja unite zikaisha, sauti ikakatika mzee akiwa katikati ya jina la mwanawe.

Orodha yangu ina safu tatu: amenunua, amekataa, hapatikani. Niliziangalia zote tatu, kalamu mkononi. Kisha nikamtuma mtoto dukani akaninunulie unite nyingine.