Nilimjibu Mama Nusu ya Ukweli



Leo nataka kuwasimulia jambo ambalo kwa muda mrefu niliona aibu kulisema. Mimi ni muuguzi, na nje ya saa za kazi hukutana na akina mama wa jumuiya yetu hapa Sumbawanga tukazungumza juu ya afya ya watoto. Nimezoea kuulizwa maswali, na nimezoea kuyajibu. Lakini lipo swali moja nililolijibu vibaya, na kwa jibu hilo nilifungiwa mlango.

Ilikuwa Septemba 2023. Mwezi Mei mwaka huo ilithibitika kwamba mtoto mmoja hapa mkoani Rukwa amepatwa na polio, ule ugonjwa wa kupooza. Habari hiyo ilikuwa nzito. Nchi yetu ilikuwa imemwona mgonjwa wa mwisho wa polio mwaka 1996, na mwaka 2015 ikathibitishwa kuwa haina tena ugonjwa huo. Ikaandaliwa kampeni ya siku nne, tarehe 21 hadi 24 Septemba, katika mikoa sita: Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya. Watoto wote wa chini ya miaka 8 walitakiwa kupewa matone ya chanjo mdomoni, nyumba kwa nyumba.

Mnaujua upepo wetu wa Ufipa wakati wa kiangazi. Tulitembea na vumbi machoni, boksi la chanjo begani, mpaka tukafika nyumba moja pembezoni mwa mji. Mama alikuwa uani akipepeta ulezi, na watoto wake wawili wanacheza kando ya matofali. Tulifahamiana, maana tunasali pamoja. Akanipa kigoda, akaniletea maji ya kunywa. Kisha akaniuliza kwa upole:

"Dada nesi, nasikia huyo mtoto aliyepooza alipata ugonjwa uliotokana na chanjo yenyewe. Ni kweli?"

Nilikuwa nimechoka, na nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi. Nikamjibu haraka, "Huo ni uzushi, mama. Usisikilize maneno ya mtaani."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Sawa. Ngoja kwanza nizungumze na baba yao." Akawaita watoto, wakaingia ndani, akafunga mlango. Tulisubiri, tukabisha, hakufungua. Tukaandika kwa chaki mlangoni kwamba watoto hawakupata chanjo, tukaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua kwamba yule mama hakuuliza upuuzi. Swali lake lilikuwa na ukweli ndani yake, na mimi nilimfukuza nalo kama mtu anayemfukuza kuku jikoni.

UKWELI WENYEWE

Akina mama wenzangu, naomba niwaeleze sasa kama nilivyopaswa kumweleza yeye.

Matone ya polio yana virusi vya polio vilivyo hai, lakini vimedhoofishwa. Vikiingia tumboni mwa mtoto, mwili hujifunza kupigana na polio. Kwa wiki chache mtoto huvitoa kwa njia ya haja kubwa. Mahali ambapo watoto wengi wamechanjwa, virusi hivyo hufa na kwisha. Lakini mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, na vyoo ni vibovu, virusi hupita kutoka mtoto mmoja kwenda kwa mwingine kwa miezi mingi. Katika safari hiyo ndefu hubadilika kidogo kidogo, mpaka vinarudiwa na nguvu za kupoozesha.

Kirusi kilichopatikana hapa Rukwa kilikuwa cha namna hiyo, cha aina ya pili. Yule mama hakudanganywa kwamba asili yake ni chanjo. Alichokuwa hajaambiwa ni kwamba kirusi hicho kilipata nguvu kwa kupita katika watoto ambao hawakuwa na kinga.

Na kwa nini walikuwa hawana kinga? Polio ya asili ya aina ya pili ilionekana mara ya mwisho duniani mwaka 1999, na mwaka 2015 ikatangazwa kuwa imetokomezwa. Kwa hiyo Aprili 2016 aina hiyo ikaondolewa katika matone ya kawaida duniani kote, ili yasiendelee kusambaza virusi vyake. Badala yake ikaletwa chanjo ya sindano, ambayo virusi vyake vimeuawa na haviwezi kugeuka. Lakini sindano hiyo haikutosha kwa nchi zote kwa wakati mmoja, na kwetu ilianza kutolewa mwaka 2018. Watoto waliozaliwa katika kipindi hicho walibaki na upungufu. Hata waliochomwa sindano hukingwa wasipooze, lakini kirusi bado chaweza kuishi tumboni mwao na kwenda kwa wengine. Mkihesabu miaka, mtaelewa kwa nini waliotafutwa ni watoto wa chini ya miaka 8.

Matone tuliyobeba Septemba ile yalikuwa mapya. Virusi vyake vilitengenezwa makusudi visigeuke kirahisi. Yalianza kutumika mwaka 2021 kwa kibali cha dharura cha Shirika la Afya Duniani, na Desemba 2023 yakapewa idhini kamili, baada ya mamia ya mamilioni ya dozi kutolewa. Je, hayana dosari kabisa? Hapana. Machi 2023 ilitangazwa kwamba huko Burundi na Kongo, ng'ambo ya ziwa letu Tanganyika, walipatikana watoto waliopooza kwa virusi vilivyotokana na haya haya matone mapya. Hatari imepungua sana, lakini haijafika sifuri. Kusema vinginevyo ni kuwadanganya.

MKONO WANGU ULIPOSITA

Msidhani sisi wauguzi hatuogopi. Asubuhi ya siku ya kwanza ya kampeni nilianza na mwanangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita. Nilimbana mashavu akafungua mdomo, na mkono wangu ukasita. Yote niliyoyaeleza hapo juu nilikuwa nayajua.

Ndipo nikamkumbuka msichana niliyesoma naye shule ya msingi. Mguu wake mmoja ulikuwa mwembamba kama fimbo ya mchungaji. Alikuja shuleni akiegemea mti, na masika njia ilipoteleza alikuwa akitambaa, viatu ameshika mikononi. Alikuwa na akili kuliko sisi sote. Alipomaliza darasa la saba wazazi wake walisema shule ya sekondari ni mbali, hataweza kutembea. Habari yake ikaishia hapo. Mama yake hakukataa chanjo. Haikumfikia tu.

Nikampa mwanangu matone. Lakini ninyi mtauliza: nilipima nini na nini?

Nilipima hivi. Kirusi cha polio kikiingia kijijini, karibu mtoto mmoja katika kila 200 wanaoambukizwa hupooza, na hapati kupona tena. Kati ya waliopooza, 5 hadi 10 katika kila 100 hufa kwa sababu misuli ya kupumulia inashindwa kazi. Upande wa pili wa mizani, matone ya zamani yaliweza kumpoozesha aliyeyapokea, au mtu wa karibu naye, takriban mara moja katika kila dozi milioni 2.7, na haya mapya yametengenezwa ili hatari hiyo ipungue zaidi. Mwaka 1988 duniani walipooza watu wapatao 350,000 kwa polio. Leo darasani kwa mwanangu hakuna anayetambaa. Hiyo ndiyo kazi ya matone, pamoja na dosari yake.

Wengine huniuliza, "Mbona matone kila mara? Mtoto alipewa juzi." Tumbo la mtoto anayeharisha mara kwa mara halipokei kila dozi vizuri, ndiyo maana tunarudia. Wenzetu wa nchi za baridi huchanjwa mafua kila mwaka kwa sababu kirusi cha mafua hubadilika kila mwaka. Kila chanjo ina sababu yake, na mama ana haki ya kuijua.

NILIPORUDI

Kampeni ilikuwa na awamu ya pili, mwezi Novemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Nilikwenda kwa yule mama jioni kabla ya kazi kuanza, bila boksi wala daftari. Nilimkuta ametoka shamba, jembe bado begani.

Nikamwambia, "Mama, nimekuja kukuomba radhi. Siku ile uliniuliza jambo la kweli nami nikakuita mzushi."

Akashusha jembe. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, na habari ya Burundi sikuiacha. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Haya maneno siwezi kuyabeba peke yangu. Subiri baba yao arudi, umwambie yeye pia."

Nikasubiri. Baba alirudi giza limeingia, nikaanza upya. Yeye aliuliza mengi kuliko mkewe: kama matone yanazuia binti asizae (hayazuii), kama mtoto mwenye mafua anaweza kupewa (anaweza), na kwa nini mambo mengine hayakuelezwa na waliokuja kuhamasisha. Hilo la mwisho sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia kwamba labda tuliogopa watu wakijua yote watakataa. Akacheka kidogo, akasema, "Basi mmetuona sisi watoto."

Kesho yake timu ilipopita, watoto wote wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Nilipompaka mdogo wino kidoleni, mama yake aliniambia, "Dada, ungeniambia hivi Septemba, ningewatoa siku ile ile."

Neno hilo linaniuma mpaka leo. Kwa zaidi ya mwezi mmoja watoto wale walikaa bila kinga wakati kirusi kinatembea mkoani, na sababu ni haraka yangu. Mungu aliwalinda. Angeweza mmoja wao kupooza, na mimi ningejua kwa nini.

Tangu hapo namfikiria sana mtume Tomaso. Wenzake walimletea habari njema, naye akasema hataamini mpaka aguse. Bwana hakumfukuza wala kumwita mzushi. Alimwonyesha makovu. Sisi wa hospitali, na sisi tunaofundisha jumuiyani, nadhani inatupasa kufanya hivyo hivyo. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Tunza kadi ya kliniki kama unavyotunza cheti cha ndoa. Hakikisha mtoto amepata matone tangu kuzaliwa na ile sindano ya wiki ya 14. Kama kuna pengo, mpeleke, hata kama amechelewa.

2. Uliza kabla mtoto hajafungua mdomo: hii ni chanjo gani, ina madhara gani, nifanye nini akipata homa? Ukijibiwa kwa ukali, uliza kwa muuguzi mwingine. Usirudi nyumbani na swali.

3. Kama mtoto ana ugonjwa unaodhoofisha kinga ya mwili, mwambie muuguzi mapema.

4. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, usimalizie siku kwa mganga wala kwa maombi peke yake. Mwahishe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Watahitaji sampuli mbili za choo chake ndani ya siku 14.

5. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kitupwe chooni. Wengi wetu tunadhani hakina madhara, kumbe polio hupita humo. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Na wewe uliyemfungia nesi mlango, usione haya kumfungulia akirudi. Yawezekana naye amekuja kukuomba radhi.