Barua kutoka Lavaux: Kuta za mawe zinazomlisha mkulima

Ndugu zangu wa Migori na Homa Bay,

Nawaandikia kutoka Lavaux, Uswisi, nilikokuja kupumzika katika nyumba ya wageni iliyo katikati ya shamba la mizabibu. Treni kutoka Lausanne huambaa na ufuko wa Ziwa Geneva. Ukishuka, unapanda kwa miguu kichochoro kati ya kuta za mawe hadi mlangoni. Ng'ambo ya maji imesimama milima ya Alps.

Mwenye nyumba ndiye mkulima. Zabibu anachuma mwenyewe, anakamua mwenyewe, na jioni anakumiminia mvinyo mweupe wa zabibu za Chasselas pamoja na samaki wa ziwani waliokaangwa kwa siagi. Bei ya jasho lake anaitaja yeye.

Mteremko huu ni mkali mno kwa trekta. Watawa walianza kuupandia mizabibu karne ya 11, na matuta yake yanashikiliwa na kuta za mawe. Kreti za zabibu huvutwa na kigari kinachotambaa juu ya reli moja. Wenyeji husema mzabibu wa Lavaux huota jua mara tatu: la angani, linalorudishwa na maji ya ziwa, na la ukutani. Baada ya chakula niliweka kiganja ukutani, jua likiwa limekwisha kuzama. Jiwe bado lilikuwa na joto.

Uzuri huu haukujilinda wenyewe. Mwaka 1977 wananchi wa jimbo la Vaud walipiga kura kuilinda Lavaux dhidi ya majengo yaliyokuwa yakiimeza. UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2007, miaka 30 baadaye. Wenyeji walitangulia kuithamini.

Nasi tuna kuta zetu. Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, inadhaniwa kuwa ilijengwa karne ya 16, na imo katika orodha hiyohiyo tangu 2018. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, bila saruji wala udongo wa kugandisha. Safu ya nje na ya ndani zimefungamanishwa na ya katikati, mawe yakibanana yenyewe. Kutoka hapo mgeni anaweza kuendelea hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruma kuwatazama korongo, paa wakubwa ambao Kenya nzima wamebaki huko tu, kisha kisiwa cha Rusinga alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya.

Sisemi tung'oe mahindi tupande zabibu. Nasema mkulima wetu wa tumbaku au miwa, aliyezoea kukabidhi mzigo na kungoja bei ya mwingine, anaweza kuuza pia usiku mmoja shambani kwake: chumba safi, chandarua kizima, maji ya moto ya kuoga, ngege wa kupaka au kuku wa kienyeji, na asubuhi uji wa wimbi na viazi vitamu. Serikali za kaunti zitengeneze barabara na kuweka vibao vya njia. Vijana wafunzwe kuongoza wageni na kukarabati kuta jinsi wazee walivyozijenga.

Desemba nakuja na watoto. Natafuta vyumba viwili karibu na Thimlich, kwa mkulima, si hoteli ya mjini. Mwenye navyo aniandikie bei yake, nami nitalipa kabla ya kufika.

Ndugu yenu wa ughaibuni.