Mafuta Hayasemi Asili Yake



Kwa kuwa nilisomesha biolojia miaka mingi kabla ya kustaafu, kina mama wa jumuiya yetu hapa Uingereza huniuliza: je, maabara haiwezi kutuambia kama chakula kimetokana na mazao yaliyobadilishwa vinasaba? Jawabu langu ni kwamba yaweza, lakini si kila mara.

Kwa punje za mahindi au soya kazi hiyo hufanyika vizuri. Punje husagwa, vinasaba vikatolewa, kisha kipande kinachotafutwa kikazidishwa kwa njia aliyoibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983. Kila mzunguko hukifanya kimoja kuwa viwili. Baada ya mizunguko 30 kipande kimoja huweza kuzaa zaidi ya bilioni moja. Hapo hakifichiki tena.

Walakini maabara hushuhudia kile tu ilicholetewa. Mchuzi hukorogwa ndipo ukaonjwa. Shehena ya meli haikorogwi. Asiyechota punje mahali pengi, juu na chini, hupata jibu la gunia moja akalidhania la meli nzima.

Mafuta yana shida kubwa zaidi. Yakishasafishwa kiwandani, vinasaba karibu vyote huondoka, na kipimo hakioni kitu. Kwa sababu hiyo sheria iliyoanza kutumika Ulaya mwaka 2004, ambayo Uingereza imebaki nayo, haikutegemea maabara peke yake. Kila muuzaji humwandikia mnunuzi wake kwamba bidhaa ina asili hiyo, na maandishi huhifadhiwa miaka mitano. Ndiyo maana baadhi ya madebe makubwa ya mafuta ya kukaangia, tununuayo kwa ajili ya harusi, yameandikwa ubavuni kwa herufi ndogo kuwa yametokana na soya iliyobadilishwa.

Sisemi kuwa mafuta hayo yana madhara, yameruhusiwa kisheria. Wala debe lisiloandikwa si ushahidi wa usafi kamili, kwani mchanganyiko wa bahati mbaya wa zao lililoruhusiwa, usiozidi asilimia 0.9 ya kiambato, haulazimu kutajwa.

Basi maabara inaponyamaza, tunabaki na amana ya watu: mkulima, msafirishaji, mwenye kiwanda, mwenye duka. Na sisi tunaouza sambusa kuchangia madrasa tumo katika mnyororo huo. Tulisome debe kabla ya kulinunua, na mteja akituuliza, tumwonyeshe.