Gari la Kuvuta Boti: Hesabu Kwanza, Mapenzi Baadaye

Leo tuweke PHP na MySQL kando tuzungumzie mashine nzito kidogo.

Shemeji yangu ameagiza boti ya pontuni. Kwa wale ambao hawajaiona, ni jukwaa bapa lenye viti na paa, linaloelea juu ya mapipa mawili marefu ya alumini. Fundi anaitengeneza Kisumu. Shemeji anataka kuifanyia kazi Ziwa Naivasha, abebe watalii na watu wa sherehe, kisha kila Desemba airudishe Kisumu wakati watu wanarudi nyumbani kwa likizo. Pesa ni za mkopo wa sacco, na mmoja wa wadhamini ni dada yangu. Kwa hivyo gari likishindwa njiani, tumeshindwa ukoo mzima.

Alinipigia simu akiwa na jibu tayari: Subaru Forester yenye turbo. “Shemeji, hiyo gari inapaa!” Nikamwambia sawa, lakini sisi watu wa kompyuta hatununui seva kabla ya kujua mzigo. Tukafungua jedwali tukaanza kujumlisha:

- Boti yenyewe: kilo 1,000
- Injini ya nguvu farasi 60: kilo 115
- Trela: kilo 450
- Petroli lita 100: kilo 75
- Betri, nanga, viti vya ziada na maboya ya kujiokolea: kilo 150

Jumla ni kilo 1,790. Tazameni vizuri: muuzaji hutangaza uzito wa boti tupu tu, na hapo tumepata karibu kilo 800 ambazo hazikutajwa. Halafu hakuna mtu mwenye akili anayeendesha mashine kwa asilimia 100 ya uwezo wake siku nzima. Tukiacha nafasi ya asilimia 20, tunahitaji gari lililoandikiwa kuvuta si chini ya kilo 2,240.

Forester nyingi zimeandikiwa kilo 1,500 hivi. Shemeji akanyamaza.

Kisha akauliza swali zuri: mbona ina nguvu farasi nyingi kuliko pikapu ya dizeli? Jibu ni kwamba kuanza kuvuta si kazi ngumu. Kazi ni kupoza injini na giaboksi kwenye mlima mrefu, kusimamisha mzigo, na kuuzuia usikuyumbishe. Gari la kilo 1,500 likivuta kitu cha kilo 1,800, mzigo umemzidi mbebaji. Na pontuni ina ujanja wake: ni nyepesi kwa urefu wake, lakini ni pana (karibu mita 2.6) na imeinuka juu ya trela, kwa hiyo upepo wa pembeni unaikamata kama tanga.

Dawa ya kuyumba ni uzito unaokaa juu ya ndoano ya gari. Unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela na kilichomo. Kwetu ni kilo 180 hadi 270. Ukiwa mdogo kuliko hapo, trela huanza kucheza nyuma kama mlevi. Na kilo hizo zinahesabiwa kama abiria! Ukijaza watu watano na mizigo kwenye buti, gari limezidiwa hata kama kilo za kuvuta ziko sawa.

Sasa breki. Kutoka Kericho hadi Ahero barabara inateremka zaidi ya mita 800. Gari, watu na boti vikiwa kilo 4,400, nishati ya mteremko huo ni takriban megajuli 34. Hiyo inatosha kuchemsha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Sehemu huliwa na upepo na tairi, lakini inayobaki lazima iingie mahali, na ukiwa na gia kubwa inaingia kwenye breki. Ndiyo maana unashuka na gia ndogo, injini ikuzuie. Ndiyo maana pia Ulaya na Australia trela inayopita kilo 750 lazima iwe na breki zake yenyewe. Njia hiyo hiyo inapita makutano ya Londiani, ambapo Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo na watu zaidi ya 50 wakafa. Hapo si mahali pa kujaribu bahati.

Turbo nayo? Hapo shemeji alistahili maksi. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hivyo tulibaki na turbo, ila ya dizeli.

Jambo jingine kwa sisi tunaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani: huko trela inayopita kilo 750 inahitaji leseni ya ziada, na magari mengi hayaji na ndoano wala takwimu za kuvuta. Usichukue namba ya gari “linalofanana” la Australia ukaibandika kwenye lako. Giaboksi na vipozaji vinaweza kuwa tofauti. Angalia kitabu cha gari hilo hilo.

Tulipofika kwenye Land Cruiser 200 (kilo 3,500 kwa matoleo ya Australia), bei yake ilikuwa inazidi ya boti. Ndipo dada yangu, aliyekuwa anasikiliza tu, akauliza: “Kwani mtaivuta mara ngapi kwa mwaka?”

Swali hilo lilimaliza mjadala. Safari ya Kisumu ni kwenda na kurudi, mara moja kwa mwaka. Huwezi kununua seva kubwa kwa ajili ya siku ya matokeo ya KCSE tu, unakodisha. Kazi ya kila wiki ni kuingiza boti majini na kuitoa, mwendo mfupi, kwenye ufuo ambao hautabiriki. Ziwa lilipofurika 2020 maji yaliingia hadi mtaa wa Kihoto. Ufuo ukiwa tope, unachohitaji ni magurudumu manne yanayovuta pamoja na gia za mwendo wa kutambaa.

Kwa hiyo shemeji anatafuta pikapu ya dizeli ya magurudumu manne, iliyotumika, iliyoandikiwa angalau kilo 2,500. Desemba atakodi lori lenye dereva anayeijua njia. Pesa zilizobaki zinanunua breki za trela na maboya ya kutosha kila abiria.

Nyongeza moja kwa wanaofika ziwani na haraka: msitumbukize magurudumu ya trela yakiwa bado moto. Beringi zikipoa ghafla hufyonza maji ndani, na hutajua hadi zikatike barabarani. Kunyweni chai kwanza, nusu saa hivi.

Haya basi, safari njema.