Shaba inasemaka

Wengi wanapoandika juu ya mila, wanaandika juu ya ndoa, kilio na ngoma. Sisi tunapenda kuandika juu ya mlio wa kiwanda, na juu ya filme moja ambayo kwanza tuliiona kuwa ya kuchosha tu.

Filme hiyo ni ya Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, mmoja wa wale walioanzisha Picha, maonyesho ya sanaa ya mji wetu, mwaka 2008. Kwa Kiswahili tungeiita Hadithi za Bustani ya Msalaba wa Shaba. Mwaka 2017 ilionyeshwa katika documenta 14. Ndani yake hakuna mtu anayeeleza kitu. Picha zinakwenda pole pole: wafanyakazi wanashika shaba ya moto kwa koleo, mashini inaivuta, inarefuka mpaka kuwa waya. Kelele za kiwanda zinakutana na nyimbo za kwaya ya watoto, na maandishi ya Mudimbe, mwana wa Likasi aliyefariki mwaka 2025, yanapita kati ya picha.

Jioni ile tulipoitazama, binti yetu aliuliza: « Papa, hii filme itaanza saa ngapi? » Tulicheka, lakini sisi pia tulikuwa tunajiuliza vile vile. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kutueleza, masikio yalibaki bila kazi nyingine ila kusikia.

Marehemu baba yetu alifanya kazi ya shaba miaka 27. Sikio lake moja lilikufa kwa kelele. Alikuwa anatuambia: « Mwanangu, shaba inasemaka. Kama haujue kuisikia, itakukatikia mu mikono. » Sisi, tuliokuwa na diploma ya ualimu mfukoni, tuliona ni maneno ya mzee aliyechoka. Tulimwitikia tu, « Ndiyo, papa », tukarudia kusahihisha madaftari. Alituacha mwaka 2011. Mbele ya filme ile ndipo tulipotamani kumwuliza: inasema nini? Wa kujibu hayuko tena.

Hapo ndipo tunaiona mila. Wayeyushaji wa zamani wa Katanga walijenga tanuru wakati wa kiangazi kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa na lile jiwe la kijani, malakiti, wakavuvia kwa mivukuto. Hawakuwa na kipimo cha moto. Walikuwa na macho na masikio yao. Misalaba ya shaba ilikuwa feza, ilikuwa mahari, na imekutwa katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale. Misalaba iko inatunzwa katika majumba ya makumbusho. Lakini namna ya kusikiliza tanuru, nani aliitunza?

Wako wenzetu wanaosema sanaa ya namna hii ni mambo ya Wazungu, na kwamba mtu anayetafuta unga wa leo hana wakati wa kutazama waya. Hawakosi kabisa. Lakini kuketi kimya karibu na mkubwa anayefanya kazi, ni Mzungu gani alitufundisha?

Tangu pale tunawapa wanafunzi wetu kazi moja: kuweka telefone karibu na mkubwa aliye kazini, dakika tatu, bila kusema na bila kuisogeza. Mwanafunzi mmoja alituletea bibi yake akitwanga sombe. Dakika mbili nzima ni mchi tu, na darasa likaanza kunung'unika. Halafu bibi anasimamisha mchi, bila hata kuangalia ndani ya kinu, anasema: « Umesikia? Kinu kimebadilisha sauti. Inatosha. »

Darasa zima lilinyamaza. Tuliomba tuisikie tena toka mwanzo, na safari hii hakuna aliyenung'unika.