Ugonjwa wa Safari

Kitu kilichokuwa kizima kabla ya safari kikaugua baada yake, aghalabu hudhaniwa kuwa kimekufa, na mwenyewe hushauriwa kununua kingine. Hukumu hiyo ni nyepesi kutamkwa na nzito kulipwa. Naona heri safari yenyewe iulizwe kwanza.

Niliipeleka kompyuta yangu ya mezani kutoka mji wa Moshi hadi Marangu, mwendo wa kilomita 40 hivi, wa lami kisha wa udongo na mawe. Ndani yake mlikuwa na filamu za wazee wakisimulia kwa Kivunjo habari za mifongo, yaani mifereji ya kale ya Wachagga ichukuayo maji ya mito ya mlimani mpaka vihambani. Nilitaka wajitazame, wajisikilize, na wayasahihishe maandishi yangu. Mmoja wao alikuwa amekwisha fariki bila kuyasikia. Kwa hiyo hapakuwa na siku za kupoteza.

Huko Marangu kompyuta iliandika barua bila taabu, walakini kila filamu ilipofunguliwa kioo kilijaa mistari ya rangi, kisha kikawa cheusi. Shaka iliiangukia kadi ya grafiki, kiungo kichoracho picha zote za kioo. Fundi mmoja, alipoelezwa kwa simu, alisema kadi imeungua. Bei ya nyingine ingalimeza fedha zote za kazi ile.

Maji yasipofika kihambani, mtu wa mlimani hasemi kwamba mto umekauka. Huupanda mfongo hatua kwa hatua mpaka aone palipobomoka. Nasi tulinganishapo miswada hufanya vivyo hivyo. Basi niliupanda mfongo wangu, nikibadili jambo moja tu kila mara, maana abadilishaye mawili pamoja hajui lipi lililoponya.

Joto halikuwa na hatia, kwa kuwa Marangu ni baridi kuliko Moshi, na feni zote zilizunguka. Programu hazikuguswa njiani. Umeme wa nyumba ulipopimwa ulikuwa karibu na volti 230 zipasazo. Waya wa kioo ulibadilishwa, ugonjwa ukabaki.

Nilizima kompyuta, nikachomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha kasha ili umeme uliotuama mwilini uniondoke, kisha nikafungua. Kadi ile nzito, ilalayo ikiwa imeshikwa nyuma tu, ilikuwa imeinama; ncha yake moja imetoka katika mwanya wake kwa unene wa ukucha. Mwanya huo huipa kadi umeme usiozidi wati 75, na waya wa pini 8 huongeza hadi wati 150. Barua huhitaji umeme kidogo. Filamu hudai mwingi, na mguso hafifu huelemewa. Niliichomoa, nikaondoa vumbi kwa brashi kavu, nikairudisha mpaka kibanio kikalia, nikaitegemeza kwa kijiti kikavu. Filamu ya saa nzima ilionekana bila doa.

Wazee walijitazama, wakacheka, wakasahihisha. Atakayesafiri na mashine kama hiyo na aitoe kadi kwanza, au alilaze kasha hata kadi isimame wima. Na atakayeletewa hukumu ya haraka akumbuke kwamba asiyeufuata mfongo hununua maji kando ya mto.